Kaya ya Ishirini na Nne

Huenda Bi Nyamizi Lusatila ndiye mtu pekee katika Shirikisho zima aliyewahi kulia kwa sababu namba ilitoka ndogo. Ilitoka nne. Melini wenzake walikuwa wakipigana vikumbo kumpa mkono wa pongezi, mpishi amechinja kuku wa mwisho, na yeye kajifungia msalani, bomba amelifungua makusudi ili maji yamfunike sauti. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye cheo na jina lake, analia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Kwa wengine ile ilikuwa namba tu. Kwake ilikuwa kisiwa kizima na watu wake, na yeye ndiye aliyewatoa.

*

Kisiwa chenyewe kiliitwa Hesk. Kilikuwa kaskazini kabisa, kule ambako jua la majira ya baridi huchungulia kidogo na kuondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba. Nyamizi alishushwa pale mwezi wa tisa, peke yake, na sanduku moja la nguo, gunia la sembe, na bangili ishirini na tano zilizofungwa ndani ya kitambaa. Hakuja na bendera wala askari. Hakuomba kitu chochote kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na katika wizara nzima hakuna aliyeiweza kama yeye.

Maana Shirikisho halikuwa limesahau lilikotoka. Kila mtoto wa shule alizijua habari za machifu wa zamani waliolazimishwa kuchora msalaba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, bunduki zikiwa zimeegemezwa ukutani. Kwa hiyo Shirikisho lilipopata nguvu, likapata na meli, likaanza kuhitaji nchi za watu, lilijiapiza kwamba halitafanya kama lilivyofanyiwa. Ikatungwa Sheria ya Ridhaa. Hakuna mkataba ambao ungekuwa halali mpaka kila anayekubali afungwe mkononi bangili ya kipimahofu. Bangili ilisoma mapigo ya damu, jasho la ngozi, ubaridi wa vidole, na ule mtetemo mdogo wa misuli ambao jicho haliuoni. Ikayajumlisha yote yakawa namba moja, kati ya sifuri na mia. Wastani wa baraza ukizidi thelathini, karatasi inachanwa palepale na meli inarudi ilikotoka. Asiyeogopa hajalazimishwa: ndivyo ilivyoandikwa juu ya mlango wa wizara kwa herufi za shaba.

Ilikuwa sheria nzuri. Nyamizi aliiamini kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi kuliko yote.

Tatizo ni kwamba watu huogopa wageni, hata wageni wasio na ubaya. Mikataba mitano ya mwanzo ilichanwa yote. Ndipo wizara ikabuni kazi ambayo wenyewe waliiita kushusha namba. Mpimaji alitangulia nusu mwaka kabla ya kamishna. Alikula walichokula wenyeji, akajifunza lugha yao, akazika wafu wao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyamizi hakungoja kupewa, alilitafuta jembe mwenyewe. Katika visiwa kumi na kimoja alivyopita, hakuna namba iliyowahi kuvuka ishirini.

Kule Hesk alifikia kwa mjane aliyeitwa Sunniva, mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu na ulimi usio na breki. Sunniva ndiye aliyekuwa mtunza kitabu cha alama. Hesk haikuwa na uzio, na kondoo wa kaya zote ishirini na tatu walichanganyikana mlimani mwaka mzima. Kilichowatofautisha ni mikato ya masikioni, kila kaya na mikato yake, na yote ilichorwa kwenye kitabu kimoja cha ngozi. Mtu mwenye alama kitabuni ndiye mtu mwenye kauli barazani. Asiye nayo, hata awe ameishi pale miaka hamsini, huyo ni mpita njia.

Nyamizi alijifunza kukata udongo mweusi unaowaka kama kuni, na kuanika samaki wao wakubwa weupe kwenye vichanja vya upepo. Aliwapikia ugali. Torfin, mvuvi mkavu wa nyumba ya jirani, aliufinyanga tonge, akauonja, akatafakari.

"Ni mzuri," akasema. "Mashua yangu ina ufa, nigee kidogo nikaizibe."

Walicheka mpaka Sunniva akashika mbavu. Siku hiyo hiyo Nyamizi aliandika katika ripoti yake: wenyeji wanatania, makadirio yameshuka hadi kumi na nane. Aliandika huku bado anacheka, na hakuona ajabu yoyote katika hilo.

*

Mwezi wa kwanza ulikuja na tufani ya theluji ya siku tatu. Kondoo walifukiwa mlimani, na kila mwenye miguu mizima alipanda na fimbo ndefu kuwatafuta kwa kuchoma choma theluji. Nyamizi, mtoto wa Tabora ambaye utotoni aliijua barafu ya kwenye friji tu, alipanda nao. Aliwafukua kondoo wanane kwa mikono yake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, na mpaka leo havijarudiwa na hisia.

Jumapili iliyofuata Sunniva alimwita kwenye zizi. Kaya zote zilikuwa pale. Alishika kondoo jike mweusi, mmoja wa wale wanane, akachomoa kisu kidogo.

"Mikato miwili sikio la kulia, tundu moja la kushoto," alisema. "Alama hii haina mwenyewe. Ilikuwa ya nyumba iliyokwisha zamani za bibi yangu. Nimeuliza mara tatu, hakuna aliyesimama."

"Mama, sijaelewa."

"Huelewi nini, mwanangu? Huyu ni wako. Wewe ni kaya ya ishirini na nne."

Kisha akamweleza utaratibu wao, maana mwenye alama lazima aujue. Hesk hawapigi kura. Mtunza kitabu huuliza jambo mara tatu. Anayekubali hukaa kimya mahali pake. Anayekataa husimama. Akisimama mmoja, hata mmoja tu, jambo limekufa na halirudishwi mpaka mwaka upite.

"Mmoja tu?" Nyamizi aliuliza.

"Mmoja anatosha. Mtu hasimami bure mbele ya majirani zake atakaoishi nao mpaka kaburini."

Nyamizi alimkumbatia yule mama, akalia kidogo, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Hakuwa mnafiki. Laiti angekuwa mnafiki, pengine mambo yangekuwa mepesi, kwa sababu watu wa Hesk walikuwa na pua ya kunusa unafiki. Aliwapenda. Jioni akaandika ripoti: nimepewa alama ya kaya. Makadirio: chini ya kumi.

*

Meli ya Kamishna Shemweta iliingia ghubani mwezi wa nne. Kamishna alikuwa mzee wa Kisambaa mwenye sauti ya upole, mtu wa kuswali na kufunga, na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea hata mhudumu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Bi Nyamizi. Umekonda. Nasikia umepewa hata kondoo!" Akacheka kwa furaha ya mzazi. "Kaa. Kunywa chai ya nyumbani, ina tangawizi."

Alimpa mkataba ausome. Ulikuwa kama ile mingine. Shirikisho lilikuwa na mitambo yake ya kufikiria, ile inayopanga mvua, mazao, bandari na matibabu ya watu milioni mia nne, na mitambo ile ilikuwa na kasoro moja: ilitoa joto mno. Zamani iliwekwa kando ya Ziwa, ikapozwa kwa maji ya Ziwa, mpaka sato walipoelea matumbo juu na wavuvi wakaandamana. Serikali ikasikia kilio cha watu wake. Tangu hapo mitambo ilihamishiwa kwenye bahari za baridi, kwa watu wengine. Maji ya bahari yanavutwa kwa mabomba, yanapita katikati ya mitambo, yanarudishwa baharini.

Nyamizi alifika kwenye kiambatisho cha tatu, akasimama.

"Digrii nne," alisema. "Ghuba yao itapanda digrii nne."

"Ndiyo."

"Kule kisiwani Mell tuliwaambia ni moja."

"Mell ilikuwa moja na nusu." Kamishna alikizungusha kikombe chake. "Na samaki wa Mell wamekwenda. Najua, nimeiona taarifa. Sikufichi."

"Kwa hiyo hawa nao..."

"Watapata umeme, Bi Nyamizi. Hospitali. Ajira mitamboni. Kila neno litasomwa mbele yao kwa lugha yao, na digrii nne zimo, zimeandikwa. Hatudanganyi mtu."

"Hawajui digrii nne ni nini, Mheshimiwa. Wanajua maji ya samaki na maji yasiyo ya samaki."

Kamishna alitazama nje ya dirisha la duara. Alikuwa amechoka, na uchovu ule haukuwa wa safari.

"Muungano wa Mashariki una meli tatu za vita siku sita kutoka hapa," alisema. "Nao wanataka ghuba hii. Wao hawana bangili, wana mizinga. Tukichana karatasi yetu kesho, wiki ijayo watu wako watakutana na hao. Sasa niambie wewe unayewapenda: uwaache kwa nani?"

Nyamizi alikunywa chai yake, ikampitia kooni kama maji ya ndimu. Alipoinuka kuondoka, Kamishna alimwambia kwa upole ule ule, "Usiwatie hofu sasa. Nusu mwaka wa kazi yako utaharibika kwa neno moja."

*

Asubuhi ya baraza alimkuta Sunniva zizini akikagua kwato. Yule kondoo jike mweusi alikuwa amezaa mapacha.

"Mama, nataka kukuambia kuhusu maji."

"Niambie."

"Mkataba unasema yatapata joto."

"Kiasi gani?"

"Digrii nne."

Sunniva aliendelea kuikwangua kwato kwa kisu. "Hiyo ni nyingi au kidogo?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Palikuwa papana vya kutosha, hapakuwa na mtu mwingine, wala saa hazikuwakimbiza. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu: nyingi. Nyamizi alilifikisha neno lile mpaka kwenye ulimi.

"Wataalamu wanasema... inategemea," alisema.

"Torfin naye jana kutwa nzima ananisumbua na hayo hayo. Nikamwambia, wewe Torfin, acha kelele. Nyamizi atakuwepo barazani. Yeye kwao anazijua hizi karatasi, na alama anayo. Likiwa jambo baya si atasimama?" Sunniva alimwachia kondoo, akajinyoosha mgongo, akamtazama kwa macho yaliyotulia kabisa. "Sisi wote tumelala usingizi usiku huu, mwanangu. Ungekuwa hupo, tusingelala."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee wa Nyamizi, na siku zote alipoisikia methali ile alijifikiria yeye ndiye mwenye nguo. Asubuhi ile alijiona upande wa pili. Akainama, akambeba mmoja wa wale mapacha, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake.

*

Baraza lilikaa katika ghala la samaki, harufu ya chumvi imeshika mbao. Kaya ishirini na tatu ziliketi kwenye mabenchi ukutani. Nyamizi alizunguka na kitambaa chake, akawafunga bangili mmoja mmoja, na kila mmoja alimnyooshea mkono wake kama mtu anyooshavyo mkono kwa dada yake amfunge kishikizo. Bangili mbili zilibaki. Akazikunja ndani ya kitambaa, akaketi kwenye benchi la mwisho, mahali pa kaya ya ishirini na nne, kioo cha kuonyesha namba za bangili kikiwa mapajani.

Hapo ndipo Kamishna alipotambua kwamba Nyamizi naye ana kauli. Alimwona Nyamizi ameketi na wenyeji, si mezani pamoja naye, akaangalia mkao wa mabenchi, kisha akamtazama usoni. Alisubiri tu, kalamu mkononi.

Mkataba ukasomwa wote, digrii nne zikiwemo. Sunniva akasimama na kitabu cha ngozi.

"Nauliza mara ya kwanza," alisema. "Wageni hawa wapewe ghuba?"

Kimya. Kwenye kioo namba zilikuwa mbili, sita, tatu, tano.

"Nauliza mara ya pili."

Torfin alijiinua nusu. Makalio yake yalikuwa yameshaachana na benchi. Namba yake ikaruka hadi ishirini na mbili. Kisha akageuza shingo, akamtafuta Nyamizi kwa macho kule mwisho, na Nyamizi akaona ghala zima limegeuka pamoja naye. Walimtazama bila kumshuku. Walimtazama kama watu wa chombo kimoja wamtazamavyo mwenzao anayejua kusoma hali ya hewa.

Alitaka kusimama. Jambo hili lisemwe wazi, maana baadaye watu walisema mengi juu yake. Alitaka kusimama, na magoti yake yalikuwa mazima. Lakini alimwona Kamishna na kalamu yake. Aliwaona wenzake wa wizara kule nyumbani, jinsi watakavyonyamaza atakapoingia chumbani. Aliliona jina lake, jina la mtu wa visiwa kumi na kimoja, likitajwa kwa kunong'onwa: yule aliyetusaliti kwa ajili ya kondoo. Baadaye alijiambia kwamba aliifikiria mizinga ya Muungano. Si kweli. Mizinga aliikumbuka akiwa ameshafika melini. Pale kwenye benchi alichoogopa ni aibu.

Torfin aliketi tena. Namba yake ikashuka: kumi na tano, kumi, saba.

"Nauliza mara ya tatu."

Upepo ulipiga bati la paa. Mtu akakohoa. Sunniva alingoja muda mrefu kuliko desturi, uso wake umeelekea benchi la mwisho, kisha akatabasamu, akafunga kitabu.

"Hakuna aliyesimama," alisema. "Wamepewa."

Wastani ulikuwa nne. Namba ya Sunniva mwenyewe ilikuwa moja. Tangu sheria ile itungwe, hakuna baraza lililowahi kupima chini kiasi kile, na wizarani waliinakshi ile namba kwenye nishani ya fedha na kumvisha Nyamizi shingoni mbele ya Bunge. Ndani ya ghala lile alikuwamo mtu mmoja tu aliyetetemeka, na mkononi mwake hapakuwa na bangili.

*

Miaka tisa ilipita. Bi Nyamizi alistaafu mapema, akarudi Tabora, akafuga nyuki. Alipendwa na majirani. Alipoulizwa habari za ughaibuni alisema kulikuwa na baridi, basi.

Majuto ni mjukuu. Wake alikuja kwa posta, mara tatu. Barua ya kwanza aliisoma, akaiweka kwenye droo chini ya nishani. Ya pili aliifanyia vivyo hivyo. Ya tatu ilifika siku ya Jumatano kabla ya adhuhuri, akiwa kibarazani na vazi la kurinia asali, na akaisoma akiwa amesimama.

*Kwa mwenye mikato miwili kulia na tundu kushoto.*

*Nimekuandikia kwamba Sunniva tulimzika mwezi wa pili. Alipokuwa hai hakutaka alama yako iguswe. Kila aliyeuliza alimjibu kwamba huenda ulikuwa na sababu, tungoje useme. Sasa kitabu ninacho mimi.*

*Samaki hawaji tena. Maji ya ghuba ni vuguvugu na watoto wanaogelea, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Tumebaki kaya kumi na moja. Nyingine zimehamia upande wa mitambo. Kondoo wako ni kumi na tisa na ni wazima, tunawatazama kama wetu.*

*Nimeuliza kaya zote kama alama yako ifutwe kitabuni. Hakuna aliyesimama. Umebaki wewe, maana na wewe ni kaya, na alama haifutwi bila kauli ya mwenyewe. Hii ni mara ya tatu nakuuliza. Usipojibu tutahesabu umekubali.*

*Torfin.*

Alikaa kitako kwenye ngazi. Kwa muda alifikiri kutojibu. Ingekuwa rahisi: angenyamaza, na kwa desturi yao kimya kile kingetosha, na jambo lingekwisha bila yeye kufungua mdomo. Aliujua vizuri wepesi wa njia ile. Alikwisha kuipita.

Aliingia ndani, akafungua sanduku la zamani. Kitambaa kilikuwapo bado, na ndani yake zile bangili mbili zilizobaki. Moja ilikuwa imekufa. Nyingine, alipoifunga juu ya mkono wenye vidole viwili vya ganzi, iliwaka.

Hamsini na sita.

Alivuta kiti, akangoja itulie. Alikuwa amewangoja mamia ya watu namna hii, akiwaambia kwa sauti laini wapumue polepole, wafikirie nyumbani. Naye alipumua polepole. Alifikiria nyumbani, akaliona ghala la samaki. Alimfikiria Sunniva, miaka ile yote, akiwaambia watu wangoje, mwanangu atasema. Akapika chai, ikapoa bila kunywewa. Hamsini na tatu. Nyuki walikuwa wakivuma dirishani, kivuli cha nyumba kikahama kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Hamsini na moja. Haikushuka tena.

Kwa sheria aliyoitumikia miaka ishirini na miwili, ridhaa ya mtu mwenye namba ile haikuwa ridhaa. Karatasi yake ilipaswa kuchanwa palepale.

Akachukua kalamu. Hakuandika jina lake wala cheo, wala maelezo kuhusu Muungano na mizinga, ambayo kwa miaka tisa alikuwa ameyapanga vizuri kichwani. Aliandika kwa lugha yao: *Naridhia. Siku ile nilipaswa kusimama.* Chini yake akachora masikio mawili ya kondoo, la kulia mikato miwili, la kushoto tundu moja, kama kaya za Hesk zinavyotia saini. Hakuwahi kuitumia saini ile kabla ya siku hiyo.

Alipokuwa akilamba gundi ya bahasha, bangili ilikuwa bado inasoma hamsini na moja.